Eneo la Mradi Linaishia Wapi? Mwongozo wa Kukagua Makazi ya Viumbe Walio Hatarini

Mwombe mhandisi akuonyeshe eneo la mradi, naye atakunjua ramani yenye mstari mwekundu. Ndani ya mstari kuna bwawa, mtambo, kambi ya wafanyakazi na barabara ya kuingilia. Ya nje ya mstari hayamhusu. Kwa aliyeagizwa kukagua makazi ya viumbe walio hatarini kutoweka, mstari huo ndio mtego wa kwanza, na uliwahi kunasa watu vibaya huko Kihansi, kusini mwa safu ya milima ya Udzungwa nchini Tanzania.

Kwa jicho la mhandisi, Kihansi palikuwa pazuri mno. Mto unaporomoka kutoka ukingo wa milima kwa kiasi cha mita 850 katika mwendo mfupi, kwa hiyo maji kidogo hutoa umeme mwingi. Ukuta wa bwawa una kimo cha mita 25 tu, handaki limepita ndani ya mwamba, na mitambo ya megawati 180 imekaa chini. Ziwa lililotuama nyuma ya ukuta ni dogo. Mradi huo ukipimwa kwa ardhi uliyoifunika, unastahili alama za juu.

Ujenzi ulikuwa umeshaanza pale watafiti waliposhuka korongoni mwaka 1996 na kukuta, kando ya maporomoko, vinamasi vya mteremkoni vilivyoloweshwa mchana na usiku na manyunyu ya maji. Humo walijaa vyura wadogo wa rangi ya manjano ya dhahabu, ambao hata jike hafikishi sentimita 3. Jike huyo hatagi mayai, bali huzaa vichura waliokamilika. Ngozi ya tumbo lake ni nyembamba kiasi kwamba akiwa na mimba, watoto huonekana ndani. John Poynton, Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wakamwandika katika sayansi kwa jina la Nectophrynoides asperginis. Makazi yake yote duniani, ukiyajumlisha, yalikuwa kama hekta 2.

Hakuna mfuko wa saruji uliomwagwa juu ya hekta hizo. Bwawa liko juu yake, mitambo iko chini yake. Kilichoondolewa ni maji. Mitambo ilipoanza kazi, takriban asilimia 90 ya mto iliingia handakini, maporomoko yakapungua na manyunyu yakakatika. Mimea iliyozoea kuloa ikanyauka, magugu ya nchi kavu yakaingia mahali pake, na siafu wakafuata.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni wanyama gani wanaoishi ndani ya mstari mwekundu, mkaguzi anatakiwa kuuliza mradi utaondoa nini au utaleta nini, na ni nani anayeishi kwa kitu hicho. Ukishika swali hilo, hatua nyingine zote zinapata mpangilio. Ukilisahau, unaweza kutembea msituni mwezi mzima, ukajaza daftari, na ripoti yako ikawa bure.

Kazi basi huanzia ofisini kwa mhandisi. Kaa naye na umwulize mambo ya kawaida kabisa. Maji yatachotwa wapi na yatarudi mtoni wapi? Kokoto zitachimbwa kilima gani? Udongo wa ziada utamwagwa bonde lipi? Wafanyakazi watakuwa wangapi, na watapikia gesi, mkaa au kuni? Barabara ya kuingilia itafungwa baada ya ujenzi au itabaki wazi kwa wachoma mkaa na wapasua mbao? Nyaya za msongo mkubwa zitapita wapi? Taa zitawaka usiku kucha? Kila jibu lichoree ramani yake, na ukubali kwamba ramani hizo hazitalingana. Ya maji inaweza kuteremka kilomita nyingi chini ya mto, ya taa ikaishia mita mia chache tu, na ya kuni ikafuata njia ambazo mhandisi hajawahi kuzisikia.

Wakati mwingine ramani hiyo huwa ya angani. Huko Kajiado nchini Kenya, mradi wa umeme wa upepo wa Kipeto umesimamisha mitambo yake kwenye ardhi ya malisho. Kwa anayetazama chini, kuna nyasi, ng'ombe na migunga. Lakini anga la sehemu zile hupitiwa na tumbusi, wakiwemo wa aina mbili zilizo katika daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka: tumbusi wa Rüppell na tumbusi mgongo-mweupe. Makazi waliyokuwa wakihofiwa kuyapoteza ni hewa yenyewe, ule mkondo wa joto unaowainua asubuhi bila kupiga mbawa. Suluhisho lililochukuliwa ni kuweka watu wa kutazama anga, wenye uwezo wa kuamuru mtambo usimame ndege wanapokaribia. Mkaguzi anayehesabu wanyama wa ardhini peke yake asingefika kwenye wazo hilo.

Baada ya ramani huja orodha. Orodha Nyekundu ya Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, ndiyo mahali pa kuanzia, nayo ina madaraja matatu yanayobeba neno la hatari: walio hatarini sana kutoweka, walio hatarini kutoweka, na walio katika mazingira hatarishi. Kila nchi pia ina sheria na orodha zake. Kenya, kwa mfano, imeziweka katika Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013. Orodha zote hizo zina udhaifu mmoja ambao mkaguzi mgeni husahau: zinaonyesha yale tu ambayo mtu aliwahi kwenda kuyatafuta. Ramani ya spishi ikiwa tupu juu ya wilaya fulani, huenda hakuna kiumbe. Huenda pia hakuna mtafiti aliyewahi kulala huko. Kabla ya 1996, ramani yoyote ya vyura ingekuonyesha kwamba korongo la Kihansi halina neno.

Usiishie kwenye intaneti. Mikusanyo ya mimea iliyokaushwa, kama ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi, ina karatasi zenye vibandiko vilivyoandikwa kwa mkono, na kibandiko kimoja cha zamani kinaweza kukwambia kilima, mwinuko na mwezi ambao mti fulani ulikuwa na maua. Mkaguzi wa miradi ya kusini mwa Tanzania ana sababu ya kuzipekua. Erythrina schliebenii, mti wenye maua mekundu wa upande wa Lindi na Kilwa, uliwahi kutangazwa kuwa umetoweka mwaka 1998. Ukapatikana tena mwaka 2001 kwenye kipande cha msitu chenye mawe. Mwaka 2008 kipande hicho kikafyekwa kwa ajili ya shamba la mimea ya nishati, na ikadhaniwa umepotea mara ya pili, mpaka wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipouona tena mwaka 2011 katika misitu ya Kilwa. Katika hadithi hiyo nzima, anayeumiza moyo ni yule aliyefyeka. Mti ulikuwa umeshaandikwa. Kilichohitajika ni mtu wa kusoma kabla ya tingatinga kuwashwa.

Kutoka kwenye makaratasi, nenda kwa wenyeji, na uende mapema, kabla hujafunga kamera hata moja. Mwanzoni mwa 2003, watafiti waliokuwa wakifanya kazi kuuzunguka Mlima Rungwe nchini Tanzania walisikia kwa wawindaji wa Kinyakyusa habari za kima mwenye haya aitwaye kipunji. Kwa kuwa masimulizi ya pale yalichanganya wanyama wa kweli na wa hadithi, ilikuwa rahisi kumweka kipunji upande wa hadithi. Hawakufanya hivyo. Walimtafuta, wakamwona, na mwaka 2005 kima huyo akatangazwa kuwa spishi mpya kwa sayansi, tena kwa jina lilelile la wenyeji. Mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe. Kima mzima, mwenye mkia mrefu na mlio wa kipekee, alikuwa amekaa kwenye milima yenye vijiji na mashamba ya chai karibu, na waliomjua walikuwa hawajaulizwa.

Kuna namna ya kuuliza. Ukimwonyesha mzee picha ya mnyama na kusema, "Huyu yupo hapa?", mara nyingi atakujibu ndiyo, kwa adabu tu, kwa kuwa mgeni amesafiri mbali kumtafuta. Anza na mazungumzo yaliyo wazi: "Shikamoo mzee. Usiku huku hulia wanyama gani?" Mwache aigize mlio. Mwulize mnyama hula nini, huonekana mwezi gani, watoto wake huonekana lini. Picha ziwekwe mwishoni, na ndani yake changanya mnyama mmoja ambaye unajua hayupo Afrika Mashariki. Anayemtambua na huyo, maelezo yake yapokee kwa tahadhari. Wanawake wanaokwenda kuokota kuni zungumza nao mbali na wanaume, na uwatafute waganga wa mitishamba, maana mti adimu huwa wanaujua kwa gome lake. Mwindaji naye ana hofu yake. Sheria ya nyamapori inamkabili, na akiona daftari atafunga mdomo. Mweleze mapema kwamba huandiki majina, kisha usiyaandike kweli.

Sasa suala la msimu, ambalo ndilo linaloharibu tathmini nyingi kuliko ujinga wa mbinu. Mwekezaji ana haraka, fedha za ukaguzi zimetoka Juni, timu inaingia porini Julai na kutoka baada ya majuma mawili. Julai katika sehemu kubwa ya Tanzania ni kiangazi. Vyura wengi wamejificha ardhini na hawalii. Mimea mingi haina maua, na bila ua au tunda hata mtaalamu hutaja jenasi tu na kuishia hapo. Ndege wahamiaji wako ughaibuni. Mfano mzuri ni kijindege mmoja wa matete anayezaliana kwenye vinamasi vya Basra nchini Iraki na kuja kupitisha majira ya baridi ya huko katika Afrika Mashariki, ikiwemo delta ya Mto Tana. Yuko katika daraja la walio hatarini kutoweka. Mkaguzi wa mradi wa kilimo cha umwagiliaji Tana akienda mwezi wa saba, ataapa kwamba hajamwona, naye atakuwa anasema kweli.

Dai kwa hiyo, ndani ya hadidu za rejea zenyewe, kwamba ukaguzi ufanyike masika na kiangazi, na panapowezekana vuli pia. Hapa ndipo mkaguzi anapopimwa uti wa mgongo. Mteja atasema ratiba ya mkopo hairuhusu. Jibu lililo wazi ni kwamba ripoti ya msimu mmoja itaandikwa waziwazi kuwa ya msimu mmoja, ukurasa wa kwanza, na benki itaisoma hivyo.

Kuhusu mbinu hakuna haja ya maneno mengi, kwa sababu vitabu vimejaa. Kutembea kwenye mistari iliyopangwa na kuhesabu, kamera za kutegea kwenye mapito, nyavu za popo, ndoo zilizofukiwa ardhini kwa ajili ya mijusi na panya wadogo, vinasa sauti vinavyoachwa usiku kucha, hata kuchota maji na kupima vinasaba vilivyoachwa na viumbe ndani yake. Chagua kulingana na kiumbe unayemtafuta. Bundi wa Sokoke, aliyegunduliwa mwaka 1965 katika msitu wa Arabuko-Sokoke huko Kilifi, ni mdogo kiasi cha kukaa kwenye kiganja, na mchana hutulia kwenye kichaka akifanana na majani makavu. Anayemtafuta mchana kwa darubini anapoteza muda wake. Huyu ni wa kusikilizwa usiku.

Jambo linalohitaji kutazamwa kwa karibu ni maana ya kutomwona. Chukua chura anayelia usiku fulani na kunyamaza usiku mwingine. Tuseme yupo kweli, na nafasi ya kumsikia kwa usiku mmoja ni 20 kwa 100. Timu ikisikiliza kwa usiku 1 na kuondoka, nafasi ya kumkosa ni 80 kwa 100. Ikikaa usiku 5, zidisha 0.8 kwa yenyewe mara 5, unapata karibu 33 kwa 100: bado mara 1 katika 3 timu itaandika "hayupo" juu ya kiumbe aliyekuwa miguuni pake. Usiku 10 hushusha nafasi hiyo hadi kama 11 kwa 100. Ni mpaka usiku wa 14 ndipo inapokuwa chini ya 5 kwa 100. Hesabu hiyo haihitaji kompyuta, na ingefaa iambatane na kila ripoti inayothubutu kusema spishi haipo. Ndiyo maana daftari la porini linatakiwa kurekodi jitihada pamoja na matokeo: saa ngapi, watu wangapi, mitego mingapi, hali ya hewa ikoje, mwezi ulikuwa mpevu au mchanga. Orodha ya wanyama walioonekana bila maelezo hayo haina uzito.

Wakati unatafuta viumbe, pima pia kile kinachowawezesha kuishi. Kwa Kihansi kingekuwa unyevu wa hewa saa kwa saa, joto la udongo, kiasi cha maji ya mto kila mwezi, na upana wa eneo ambalo manyunyu hulifikia. Kwa popo ni idadi ya mapango na ya miti yenye mashimo. Kwa kobe wa mawe, yule mwenye gamba bapa, ni nyufa za miamba, na tena nyufa za upana fulani, kwa sababu ndimo anamojibana adui akija. Kilima chenye mawe mazuri yasiyo na nyufa hakimfai. Andika pia kiumbe anafanya nini mahali hapo. Mahali pa kuzalia, pa kulia chakula na pa kupita hapalingani uzito. Kima punju wa Zanzibar waliokuwa wakigongwa na magari pale Jozani waligongwa kwenye lami, mahali ambapo hakuna mtaalamu angepaita makazi. Lakini barabara hiyo ilikata njia yao ya kwenda kula, na matuta yalipowekwa vifo vikapungua.

Osha viatu. Ushauri huo unaonekana wa kitoto mpaka ukumbuke kilichotokea Kihansi baadaye. Vinyunyizio vilikuwa vimefungwa korongoni, maji yakashushwa kwa mabomba bila pampu, kinamasi kikaanza kurudia hali yake, na katikati ya 2003 vyura walikadiriwa kufika karibu 20,000. Miezi michache baadaye walikuwa hawaonekani, isipokuwa mmoja mmoja. Kuvu aina ya kitridi, anayeshambulia ngozi ya vyura na ambaye ameangamiza jamii zao katika mabara kadhaa, alikutwa pale mwaka huohuo. Watafiti walitaja pia uwezekano wa sumu za mashambani zilizokuwa zimetuama na tope la bwawa. Mwaka 2009 IUCN ilitangaza kwamba chura huyo ametoweka porini. Mkaguzi anayetoka kinamasi kimoja asubuhi na kuingia kingine mchana, na matope yaleyale kwenye buti zake, anaweza kuwa yeye ndiye athari ya kwanza ya mradi. Brashi, maji safi, dawa ya kuua vijidudu, kisha jua. Na nyavu vilevile.

Data zikishapatikana, kinafuata kipengele ambacho wanasheria na benki wanakipenda: makazi haya ni nyeti kiasi gani? Miradi inayokopa kwa taasisi kubwa hupimwa kwa vigezo vya Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, hasa Kigezo cha Utendaji namba 6 cha mwaka 2012. Miongozo yake inasema, pamoja na mengine, kwamba mahali panapobeba angalau asilimia 0.5 ya spishi nzima iliyo katika madaraja mawili ya juu ya hatari, na angalau jozi au makundi 5 ya kuzaliana, pahesabiwe kuwa makazi nyeti. Hapo mradi hauruhusiwi kuendelea mpaka uonyeshe kwamba hakuna njia nyingine na kwamba mwishowe spishi itakuwa imeongezeka. Kwa Kihansi hesabu ni rahisi ya kutisha: asilimia 100 ya chura huyo ilikuwa pale.

Lakini usiliabudu daraja la kwenye orodha. Heroe mdogo, ndege anayepamba maziwa ya magadi, hayumo katika madaraja matatu ya hatari. Yuko hatua moja chini. Hata hivyo inakadiriwa kwamba robo tatu ya heroe wadogo wa dunia huzaliwa Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, eneo lililoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2001. Miaka michache baadaye ulipopendekezwa mradi mkubwa wa kuvuna magadi pale, hoja ya wahifadhi haikuwa kwamba ndege wamebaki wachache. Walikuwa zaidi ya milioni. Hoja ilikuwa kwamba wote hao wanategemea kapu moja. Kampuni ya Tata, iliyokuwa nyuma ya mradi huo, ilijiondoa mwaka 2008. Mkaguzi aliyejaza fomu kwa kufuata rangi za orodha peke yake angempitisha heroe bila kugutuka.

Sheria za nchi nazo zina njia yake. Tanzania inatumia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira hupitiwa na chombo cha taifa cha mazingira. Kenya ina sheria yake ya mwaka 1999 na mamlaka yake ya mazingira, NEMA. Kote kuwili wananchi wana haki ya kusikilizwa, na haki hiyo ina meno. Mwezi Juni 2019 Baraza la rufaa za mazingira la Kenya lilifuta leseni ya kituo cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa Lamu, na moja ya sababu ni kwamba ushirikishwaji wa watu haukufanywa ipasavyo. Mkutano wa kijiji ulioitishwa siku ya gulio, kwa muhtasari wa Kiingereza uliobandikwa ofisini, unaweza kumgharimu mwekezaji mradi mzima. Andika muhtasari kwa Kiswahili kinachosomeka. Onyesha ramani. Wavuvi wa Lamu wanaijua bahari yao kuliko kielelezo chochote cha kompyuta, na wakisema mkondo unaelekea mahali pa kuzalia samaki, pawekwe alama.

Katika mapendekezo, mpangilio unajulikana: kuepuka kwanza, kupunguza, kurejesha, na mwisho kabisa kufidia. Wengi huuandika kwa usahihi na kisha huanza na wa mwisho. Hoja ya kuepuka hupoteza nguvu kila juma linalopita, kwa sababu mkataba ukisainiwa na zege likimwagwa, hakuna anayehamisha banio la maji. Ndiyo maana ukaguzi wa awali, hata wa siku chache, ufanyike wakati mhandisi bado ana sehemu tatu za kuchagua. Kutenga maji ya kutosha yaendelee kupita mtoni ni uamuzi unaopunguza umeme kila siku kwa maisha yote ya mtambo. Kama haukuingizwa kwenye hesabu za faida tangu mwanzo, baadaye utaonekana wizi.

Gharama za kuchelewa zinajulikana, kwani Tanzania imezilipa. Vyura 499 walisafirishwa mwishoni mwa 2000 kwenda Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx jijini New York, na kizazi chao kikatunzwa pia Toledo huko Ohio. Kulihitajika wataalamu wa kuwazalisha, chumba maalumu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako 100 wa kwanza walirudi mwaka 2010, na vinyunyizio vya kuiga kazi ambayo maporomoko yalikuwa yakiifanya bure. Kurudishwa korongoni kulianza mwaka 2012. Mitaani wapo walioguna kwamba fedha nyingi zinamwagwa kwa ajili ya chura. Mkaguzi asiwadharau, umeme ulihitajika kweli. Awaonyeshe badala yake kwamba kuchunguza korongo hilo kabla ya usanifu kungechukua sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Tena lilikuwa na mengine: hata kahawa ya mwitu, Coffea kihansiensis, imeelezwa kutoka humohumo.

Ripoti yenyewe iwe na ramani, data ghafi kama kiambatisho, tarehe za kazi ya porini, majina na taaluma za waliofanya, na ukurasa unaosema ni nini hakikuchunguzwa na kwa nini. Jambo moja lifichwe: mahali kamili pa viumbe wanaowindwa kwa biashara. Kobe wa mawe huuzwa nje kama wanyama wa kufugwa, na ripoti ya wazi yenye vipimo vya GPS vya nyufa zake ni mwaliko kwa walanguzi. Vipimo hivyo vikabidhiwe mamlaka katika faili la siri, na toleo la umma lionyeshe miraba mikubwa tu. Vielelezo vya mimea vipelekwe kwenye mkusanyo wa chuo au makumbusho, vikiwa na vibandiko kamili; vikibaki kwenye boksi ofisini kwa mshauri, mkaguzi atakayekuja baada ya miaka 20 atakuta ramani tupu kama ulivyoikuta wewe.

Mwisho, angalia masharti ya leseni kabla hayajapigwa muhuri. Sharti lisemalo "mwendelezaji atafuatilia bioanuwai" halimfungi mtu. Andika nani atapima, mara ngapi kwa mwaka, kwa mbinu ileile iliyotumika kwenye ukaguzi, na fedha zitoke akaunti gani. Kisha weka kiwango cha kuchukua hatua: maji yakishuka chini ya kiasi hiki kwa siku hizi, au sauti za vyura zikipungua kwa nusu kati ya masika mbili, mitambo ipunguzwe mpaka sababu ijulikane. Taja cheo cha mtu mwenye mamlaka ya kutoa amri hiyo, na hakikisha anakaa kituoni.